Pikipiki ya Jirani

Fundi alipofika, mjane alimwomba jambo moja kabla hata hajamkaribisha maji: asizungumze kwa sauti. Fundi huyo watu walimwita Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa nyaya na kwa kuwa mwili wake nao ulikuwa hivyo hivyo, na kumwambia Waya asizungumze kwa sauti ni sawa na kumwambia jogoo asiwike. Lakini alijitahidi. Alivua kofia, akatoa pole kwa kunong'ona pale pale langoni, akamfuata mjane akinyata kando ya ukuta wa nyumba, chini ya dirisha lenye pazia la buluu, hadi kwenye stoo ya nyuma.

Nyuma ya pazia lile alilala mama mkwe. Yeye ndiye aliyefanya watu wazima watembee kwa ncha za vidole mchana kweupe. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu apooze upande wa kushoto, na moyo wake nao haukuwa wa kuaminika. Daktari alishasema asipewe habari za kushtua. Basi mwanawe wa pekee, mume wa huyu mjane, alipofariki, baba mdogo wa marehemu aliwakusanya watu akakata shauri: mama asiambiwe. Maiti ilitoka hospitali ikaenda kwa baba mdogo, msiba ukawekwa kwa baba mdogo, na safari ya makaburini ikaanzia huko huko. Mama aliambiwa kwamba mwanawe, aliyekuwa akisambaza dawa madukani kwa pikipiki, amehamishiwa tawi la mbali kwa miezi sita. Ameondoka na pikipiki yake alfajiri, hakutaka kumwamsha.

Hii ilikuwa siku ya thelathini na tatu tangu mazishi. Kwa siku zote hizo mjane alikuwa hajalia kwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alilia bafuni, bomba likiwa wazi, kisha akaosha uso, akajipaka mafuta, akaingia kwa mama mkwe na bakuli la uji na habari za sokoni. Nguo za msiba hakuvaa. Majirani, ambao wote walizika, walikutana naye langoni wakambana mkono bila neno, halafu wakapaza sauti kwa ajili ya dirisha, wakiuliza shemeji yao huko aliko hajambo. Naye akajibu kwa sauti ile ile kwamba hajambo, anawasalimia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mficha kilio humuumbua nini, hilo hawakusema.

Huyu, iliyotaka kumuumbua ni pikipiki.

Baada ya mazishi ilikaa kwenye maegesho ya hospitali siku tisa, mpaka mlinzi akaanza kulalamika. Baba mdogo alikuwa akikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, hakuwa na pa kuiweka. Akaisukuma mpaka hapa injini ikiwa imezimwa, wakaiingiza stoo na kuifunika turubai. Mtu mwenye akili zake angeona kasoro mapema: umesema fulani kasafiri na pikipiki, halafu unaileta pikipiki hiyo hiyo kuificha hatua kumi na tano kutoka kitanda cha yule unayemdanganya. Lakini wenye msiba hawapimi mambo. Wanasukuma tu kilicho mbele yao.

Jioni ile ile ikalia. Ti-ti, halafu honi mara tatu, halafu kimya. Mjane alipoingia na uji, mama mkwe akauliza ni nini kile kilicholia. Mjane akajibu la kwanza lililomjia mdomoni, kwamba ni pikipiki ya jirani. Jirani kanunua pikipiki? Ndiyo, mama. Jirani mwenyewe alikuwa mstaafu wa miaka sabini ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, na ilibidi mjane aende kumweleza kwamba kuanzia siku hiyo ana pikipiki. Mzee wa watu akakubali. Akauliza tu ni ya rangi gani, asije akaulizwa.

Tangu hapo ililia kila siku, mara mbili, mara tatu. Baba mdogo alijaribu kuitibu. Alichomoa waya wa betri akidhani kazi imekwisha, kumbe king'ora cha alamu ile kina kibetri chake chenyewe tumboni, kilichowekwa makusudi kwa ajili ya wezi, na ukiikatia pikipiki umeme ndipo kinapopiga kelele za kweli. Kilipiga mayowe mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Baba mdogo akakivika blanketi akakikumbatia kama mtoto mwenye homa, huku mjane akihangaika kurudisha waya. Kisha mjane akaingia ndani akamweleza mama kwamba jirani anajifunza kuendesha. Baada ya siku hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa, na ndiyo sababu Waya aliitwa. Yeye ndiye aliyeifunga alamu ile kwa mkono wake, marehemu akiwa amekaa kando kwenye tairi bovu akimpigia soga.

"Ikate," mjane alimwambia, akikunja turubai. "Sitaki itengenezwe, fundi. Nataka inyamaze."

Waya akatikisa kichwa. Alisema, kwa mnong'ono ambao kwa mtu mwingine ungekuwa sauti ya kawaida, kwamba hakati kitu asichojua kinaumwa nini. Umeme si kama binadamu, haulii bure. Akikata leo bila kujua sababu, kesho shoti italia kwenye taa, keshokutwa kwenye injini, na yeye jina lake ndilo liko kwenye nyaya hizo. Mjane alitaka kumwambia kwamba hakuna mtu tena wa kuiendesha, kwa hiyo injini ife salama. Akaishia kumwambia afanye haraka.

Aliingia ndani kwanza kumwarifu mama kwamba amekuja fundi bomba kuangalia mfereji wa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameegemea mito yake, uso ukiwa dirishani. Akasema vyema, amwambie aangalie na bomba la bafuni, siku hizi linakaa wazi muda mrefu. Mjane akasema atamwambia. Akamwekea sawa shuka na kutoka upesi.

Stoo, Waya alikuwa ameshang'oa kiti cha pikipiki na kuinamia matumbo yake. Alianza na betri. Akaweka ncha mbili za mita, akasoma, akasema imechoka lakini ipo. Betri ikiwa dhaifu alamu hupagawa, ila hii si dhaifu kiasi hicho. Akahamia kwenye sensa ya mtikisiko, kile kidude kinachosikia mtu akiigusa pikipiki. Alisema kuna wakati hufungwa ikiwa kali kupita kiasi, panya akipiga chafya nayo inapiga kelele. Akaizungusha skrubu yake kwa bisibisi ndogo mpaka ikapoa, akagonga tangi kwa ngumi. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Akazifuata nyaya moja moja kutoka kwenye boksi la alamu hadi kwenye swichi, akakuta kiungo kimoja ambacho tepu yake ilikuwa imeanza kuachia. Hicho hakikumfurahisha. Akakivua, akakisokota upya, akakifunga kwa tepu mpya akikivuta kwa meno.

Alipokuwa akifanya hivyo aliuliza maswali, kama daktari anavyomchangamsha mgonjwa huku akitafuta mshipa. Inalia saa ngapi? Haina saa. Mvua ikinyesha? Hata jua likiwaka. Usiku je? Jioni, mara nyingine, lakini watu wakishalala hapana. Hilo lilimfanya Waya asimame kidogo. Panya hatembei mchana akalala usiku, alisema. Akauliza ikilia mjane mwenyewe huwa yuko wapi.

Mjane akafikiri. Huwa jikoni. Huwa anafua. Huwa langoni, au bafuni.

"Na ukiwa ndani kwa mama?"

Hapo akafikiri zaidi. Kila siku saa kumi aliingia kwa mama mkwe na simu mkononi kumsomea ujumbe kutoka kwa mwanawe. Ujumbe aliuandika yeye, usiku, kitandani upande wa ukutani, kwa sababu ule upande mwingine hakuweza kuulalia. Aliandika kwamba huko mtandao haushiki vizuri, kazi ni nyingi, chakula si kibaya, mama amekula nini leo. Alikuwa akikaa pale nusu saa nzima, wakati mwingine zaidi. Hakukumbuka hata siku moja pikipiki kulia akiwa amekaa pale.

Waya akaweka bisibisi chini. Aliomba rimoti ya alamu. Mjane akaitoa kwenye mkoba, ikiwa bado imefungwa kwenye funguo za mumewe. Waya akaipasua kwa ukucha, akatoa kibetri cha duara, akakitia mfuko wa shati. Sasa hii ni plastiki tu, alisema, na sensa nimeipoza, na waya nimeufunga. Tukae tuone. Wakakaa juu ya makreti mawili yaliyopinduliwa, fundi na mjane, wakiiangalia pikipiki kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa na wameishiwa maneno.

Mjane alikuwa hajakaa karibu nayo hivi tangu mumewe aondoke nayo. Palikuwa na tope kavu kwenye matairi, tope la siku ile ya mwisho. Tumbo lilimshika njiani. Watu waliomkuta walisema alikuwa ameiegesha vizuri kabisa, ameikanyagia stendi, ndipo akakaa chini. Utumbo ulikuwa umepasuka. Walimpeleka hospitali, mmoja wao akiendesha pikipiki nyuma, na alikaa huko siku mbili. Mjane aliliangalia lile tope, kisha akatazama pembeni.

Ti-ti.

Indiketa zikawaka manjano mara mbili, zikazimika. Honi ikafuata, mara tatu.

Waya aliinuka taratibu. Safari hii alinong'ona kweli.

"Hii si hitilafu, shemeji. Ingekuwa imeguswa ingepiga kelele nusu dakika bila kupumua. Hii imeitwa, imeitika. Kuna mtu anaibonyeza."

Mjane akasema rimoti ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Waya akasema kwenye boksi huja mbili, siku zote mbili, na zote alimkabidhi marehemu mkononi. Hazifiki mbali, akaendelea, hatua hamsini kwa shida, na hapo ukuta usiwe mnene. Kwa hiyo anayebonyeza yumo humu humu uani. Akaanza kuhesabu kwa vidole nani na nani wanakaa humu, akafika kidole cha pili, akaacha mkono wake hewani.

"Ndani kuna nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mama."

"Na nani?"

"Mama tu," mjane alisema, akashika usukani wa pikipiki.

Hatua kumi na tano zile alizitembea kama mtu anayepelekwa. Njiani alijaribu kutunga kitu. Alikuwa amekuwa hodari kwa kutunga. Amempa mstaafu pikipiki, amempa marehemu kazi mpya na mafua madogo yaliyopona. Safari hii hakikuja chochote. Alisukuma mlango, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kulia wa mama mkwe, ule mzima, ulikuwa chini ya shuka.

"Huyo si fundi bomba," mama alisema. "Huyo ni yule mwembamba wa alamu. Akinong'ona anasikika mpaka barabarani."

Akautoa mkono. Kiganjani palikuwa na rimoti nyeusi, kitufe kimoja kikiwa kimefutika alama yake kwa kubonyezwa. Alieleza bila haraka, kwa ule ulimi wake mzito uliochelewa kidogo kila neno. Mwanawe alimpa mwaka jana, alipoona mama hapati usingizi mpaka yeye arudi. Akamwambia: bonyeza hapa, ikiitika ujue nimefika, ulale. Basi kila jioni alibonyeza. Mara nyingine ikaitika, wa nyumbani wakidhani mwenyewe anaifunga, akalala. Mara nyingine kimya, akangoja, akabonyeza tena.

"Mliponiambia amesafiri, nilibonyeza. Kimya. Nikasema kweli, kasafiri. Nikabonyeza kesho yake, na kesho yake, basi tu, mazoea. Siku ya kumi ikaitika."

Akaigeuza rimoti kiganjani. Mjane aliangalia sakafu.

"Nilifurahi, mwanangu. Nilijifunga kitambaa vizuri kichwani kwa mkono huu mmoja. Nikamngoja aingie. Ukaingia wewe, na uji. Nikakuuliza ni nini kinalia, ukasema jirani. Ulipotoka nikabonyeza tena, nihakikishe. Ikaitika. Pikipiki ipo, yeye hayupo. Tangu hapo kila ukitoka nabonyeza, niisikie. Mimi nimepooza mguu, sikupooza akili."

Mjane akaanza kusema mambo yote kwa pamoja, daktari, presha, moyo, kikao cha baba mdogo, na kwamba yeye hakuwa na kauli mbele ya wazee. Kisha akatoa lile alilokuwa amelishikilia kuliko yote, ambalo hakumwambia hata baba mdogo. Kule hospitali, kabla hawajamwingiza kwenye upasuaji, mumewe alimvuta mkono akasema: msimwambie mama. Lilikuwa neno lake la mwisho lililoeleweka. Yeye alilichukua kama wosia. Siku zote hizi alidhani anautekeleza wosia.

"Alisema nisijue kwamba anaumwa," mama alisema. "Alidhani atarudi."

Hilo mjane hakuwa amewahi kulifikiria, na lilipomwingia lilimchoma. Akateremka kitandani akapiga magoti, akaomba msamaha. Mama hakumpa. Alimwambia hilo watalizungumza siku nyingine, kwa sababu ana hasira, na hasira hizo zitakaa. Wamemzikia mwanawe yeye akiwa hapa anakunywa uji na kuulizwa sukari imetosha. Hakumgusa uso. Hakuambiwa hata kaburi limeelekea wapi. Alisema hayo yote bila kupandisha sauti, macho makavu, na mjane alitamani bora angepigwa.

"Sasa niambie," mama alisema.

"Nikuambie nini, mama, na wewe unajua?"

"Najua. Sijaambiwa. Siku ishirini na tatu nimelala na mwanangu kifuani peke yangu, nikikusikiliza unanisomea salamu zake. Ningelia mchana, ungesema mama unalia nini, na mimi ningesema nini? Yeye hajawahi kuniuliza nimekula nini, mwanangu. Wewe ndiye huuliza hivyo. Niambie, na mimi nilie kama watu."

Mjane alifungua mdomo na akagundua kwamba hajawahi kulitamka. Simu zote zilipigwa na baba mdogo. Watu walipomjia walikuwa wameshajua. Yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, kisha alikuja kuishi na mtu ambaye mbele yake marehemu alikuwa mzima. Akashika ule mkono wenye rimoti.

"Amekufa, mama. Mume wangu amekufa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nilikuwa nimemshika mguu, kichwani walikuwapo wauguzi, sikupata nafasi."

Mama mkwe alifumba macho. Midomo yake ilicheza upande mmoja, ule unaoweza, na machozi yakatoka pande zote mbili. Akavuta pumzi, akautoa mkono wake kwenye mikono ya mjane, akamwekea kichwani.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Umefiwa na mume ukiwa bado mdogo hivi."

Pole alikuwa amepewa nyingi, langoni, njiani, kwa minong'ono na kwa kubanwa mikono. Ndani ya nyumba hii ilikuwa ya kwanza. Mjane alilala kifuani kwa mama mkwe na akalia kwa sauti yake yote, sauti ambayo hakujua kama anayo, akimwita mumewe kwa jina, na mama akaanza chini yake, polepole kwanza, kwa ulimi ule mzito, kisha hakuna tena aliyeweza kutofautisha ni kilio cha nani.

Kule nje Waya alikuwa ameshatoka stoo. Alisimama uani, kofia kifuani, bila kujua aondoke au akae. Majirani walikuja mbio. Waliposikia kilio kutoka nyumba ile walidhani yaliyoogopwa yametimia, kwamba ni mama amefariki, na mstaafu mwenye pikipiki alikuwa wa kwanza mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Nyuma yake walijazana wanawake wa nyumba za karibu, wale wale waliokuwa wakituma salamu dirishani kila asubuhi. Walimkuta mama ameketi, mkono wake mmoja umemzunguka mkwewe. Mstaafu, kwa mazoea ya mwezi mzima ya kulinda ulimi, aliuliza kuna nini.

Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja, watu waliomzika mwanawe.

"Ingieni," alisema. "Nina msiba. Mwanangu amefariki, nimeambiwa leo."

Walivua viatu, wakaingia, wakakaa chini, wakaanza kumlilia marehemu upya.